Kampuni ya watu 40 ina nini cha kuwapa vijana zaidi ya jezi?

Swali la msomaji: Naendesha kampuni ya watu 40. Tuna karakana ya matengenezo, ghala na ofisi ndogo ya mauzo. Kila mwaka tunadhamini mashindano ya mpira ya vijana na tunapokea wanafunzi sita wa mafunzo kwa vitendo, ila wengi hukaa miezi mitatu wakaenda zao na hatuwasikii tena. Mwaka jana kijana mmoja tuliyemwajiri aliacha kuja kazini ghafla. Baadaye tukasikia alikuwa katika hali mbaya kiakili. Nataka tuwasaidie vijana kwelikweli, kwenye fursa na kwenye hali zao, lakini hatuna fungu kubwa. Tuanzie wapi?

Jibu

Anzia ndani ya geti lako. Jezi na kombe havina ubaya, ila kitu ambacho kampuni inacho na kijana hakipati shuleni wala kwenye semina ni kazi yenyewe: mashine iliyogoma, mteja anayelalamika, mzigo usiolingana na hati zake, na mtu mwenye ujuzi aliyesimama karibu akijua la kufanya. Kijana akipita hapo miezi sita akatoka anaweza kazi, na ana mtu wa kumtaja akiulizwa mdhamini, amepata mtaji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu hili inahusu jinsi ya kuiunda nafasi moja ya mwanzo ikawa nafasi nzuri. Ukiiweza moja, zinazofuata ni kunakili.

Daftari kwanza

Chukua majina ya kila kijana aliyepita kwenu miezi 24 iliyopita, awe mwajiriwa, kibarua au mwanafunzi. Umoja wa Mataifa huhesabu ujana kuwa miaka 15 hadi 24, na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unafika hadi 35. Chagua kipimo kimoja usikibadilishe katikati. Chora safu sita: alipatikanaje, alianza lini, aliondoka lini, nani alimsimamia, alilipwa nini, yuko wapi sasa. Ni kazi ya siku moja, mbili zikizidi.

Safu mbili zitakuambia mengi. Ile ya "alipatikanaje" ikijaa mpwa wa fulani na mtoto wa rafiki wa fulani, basi kijana asiye na mtu ndani hana mlango wa kuingilia kwenu, hata kama hamkukusudia. Na kwenye safu ya msimamizi, walioondoka mapema wakijikusanya chini ya jina moja, tatizo lenu si "vijana wa siku hizi".

Kisha wapigie simu watano au sita walioondoka. Usiwaulize "kwa nini uliacha kazi?", maana utapewa jibu la adabu. Uliza: "Siku ile uliyoamua kuondoka, kulitokea nini?" Swali la tukio huleta jibu la tukio.

Sita ni wengi

Pokea watatu. Inaonekana kama kurudi nyuma, lakini kipimo hapa ni idadi ya watu wenye ujuzi na muda, hata kampuni iwe kubwa kiasi gani. Fundi mmoja humlea mwanagenzi (anayejifunza kazi) mmoja vizuri, wawili kwa taabu. Akipewa watatu, wa tatu anageuka wa kutumwa na kufagia. Tena wasianze siku moja. Mwache wa kwanza apate wiki tatu ndipo aingie wa pili. Wa kwanza atamwonyesha mwenzake vitu vidogovidogo, na kwa kuvifundisha naye atavishika zaidi.

Halafu kaa na fundi mkuu saa mbili na karatasi tupu. Muulize: mtu akikaa hapa miezi sita, unataka aweze kufanya nini bila kukuita? Zitatoka kazi kati ya 12 na 20. Kila moja iandikwe kwa kitendo kinachoonekana. "Kuielewa ghala" haipimiki. Iwe hivi: "Kupokea mzigo: kuhesabu katoni kabla dereva hajaondoka, kulinganisha na hati ya mzigo, kutenga zilizolowa au kuchanika, kuzipiga picha, kuandika upungufu kwenye nakala zote mbili, kumsainisha dereva." Mbele ya kila kazi weka visanduku vitatu: ameonyeshwa, amefanya akisimamiwa, anafanya mwenyewe. Kila kisanduku kikijazwa, kitiwe tarehe na saini za wote wawili.

Karatasi hiyo ni ratiba ya mafunzo, ni kipimo, na siku ya kuondoka ni cheti chenye maana kuliko "amehudhuria kwa bidii". Mfumo wa uanagenzi wa Ujerumani, ambako kijana hugawa wiki yake kati ya kampuni na chuo kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu, nao umejengwa juu ya wazo hili: ujuzi huorodheshwa kabla mtu hajapokewa. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2023 lilipitisha Pendekezo Na. 208 kuhusu uanagenzi bora, na humo kuna makubaliano ya maandishi, ujira au fidia ya fedha, mpaka wa saa za kazi na ujuzi unaotambulika. Karakana ya watu 15 inaweza kuyatimiza hayo kwa kurasa mbili.

Mlango: tangazo na usaili

"Awe na uzoefu usiopungua miaka miwili." Kwa kazi inayofundishika kwa wiki sita, sentensi hiyo inamwambia kijana akajifunzie kwa jirani. Pitisha kila sharti kwenye swali moja: asiye nalo siku ya kwanza atashindwa kazi, au atahitaji wiki chache tu? La aina ya pili lifute. Andika malipo, saa za kazi, mahali, na kwamba atafundishwa. Tangazo lisilotaja malipo humlazimu mtu kutumia nauli ili kujua kama kazi inamfaa.

Usaili uwe wa zoezi. Kwa ghala, mpe kila msailiwa katoni kumi na hati yenye makosa mawili ya makusudi, dakika 45. Mpime kwa alama 1 hadi 4 katika mambo matatu: umakini, kuuliza asipoelewa, na kupokea sahihisho. Hilo la mwisho lina njia yake. Dakika ya 30 mwonyeshe kosa moja kwa sauti ya kawaida, kisha tazama anavyofanya dakika 15 zilizobaki. Kwangu mimi robo saa hiyo ina uzito kuliko wasifu wa kurasa tatu ulioandikwa na binamu yake. Watu wawili waweke alama kila mmoja peke yake, ndipo wazilinganishe. Wakijadiliana kwanza, mwenye cheo ndiye atakayekuwa ameweka alama zote.

Rudisha nauli ya usaili. Na wote waliofika wajibiwe ndani ya siku kumi, waliokosa pia. Sentensi mbili zinatosha: kipi alifanya vizuri, kipi kilipungua.

Pesa, na shimo la mwezi wa kwanza

Mafunzo yasiyolipwa huchuja watu, na huchuja vibaya: hubaki yule ambaye nyumbani kuna wa kumpa nauli. Ikokotoe posho kutoka chini kwenda juu. Weka nauli ya kwenda na kurudi kwa siku zote za kazi, mlo wa mchana, na vifurushi vya simu ikiwa kazi inataka simu. Nguo na vifaa vya kujikinga ni vya kampuni, havimo kwenye posho. Jumla hiyo ni sakafu, bado hujamlipa kitu kwa kazi anayofanya, kwa hiyo panda juu yake. Na pale sheria ya kima cha chini inapomgusa, hakuna la kukokotoa, lipa kima hicho.

Shimo lenyewe liko hapa. Kijana anaanza tarehe 3, mshahara unatoka tarehe 30. Siku 27 hizo anaishi kwa nauli ya kukopa. Wiki ya pili anaanza kuchelewa. Msimamizi anaandika "hana nidhamu", kumbe mwenzake ametoka nyumbani alfajiri kwa miguu. Wiki ya tatu haji. Kampuni inahitimisha kwamba vijana hawapendi kazi. Lizibe shimo hilo kwa kulipa kila wiki kwa wiki sita za kwanza, au kwa kutoa nauli ya mwezi mzima siku ya kwanza. Fedha ni ileile, imetangulia tu. Kwa bajeti yenu, sioni jambo jingine lenye faida kubwa kwa gharama ndogo namna hii.

Siku ya malipo ya kwanza, keti naye dakika 20 na karatasi ya mshahara. Huu ni mshahara ghafi, hiki kimekatwa, sababu ni hii, kimekwenda huku, na hivi ndivyo utakavyohakikisha kimefika. Mtu anaweza kukatwa mchango wa hifadhi ya jamii miaka kumi asijue namna ya kukagua kama uliingia.

Wiki 12 za mwanzo

Siku ya kwanza awepo mtu getini anayelijua jina lake. Kabla ya lolote aonyeshwe choo, pa kuweka mizigo yake, pa kulia, milango ya dharura, na namba ya kupiga akichelewa. Mzunguko wa kusalimia ofisi zote uwe mfupi. Majina 40 hayashikiki kwa siku moja. Mchana apewe kazi ndogo inayokwisha, ili jioni arudi nyumbani akiwa amemaliza kitu.

Mwisho wa wiki ya 1, 4, 8 na 12 kaeni na ile karatasi ya visanduku. Wiki ya tatu fanya jambo jingine: mpe daftari aandike kila kitu ambacho hakikuingia akilini mwake, taratibu ambazo hakuna anayejua zilianza vipi, fomu zinazojazwa mara mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Baada ya miezi mitatu atakuwa amezoea, na macho hayo hayarudi.

Usalama usiwe hotuba ya asubuhi. Shirika la Kazi Duniani limeeleza kuwa wafanyakazi wa miaka 15 hadi 24 huumia kwa ajali zisizoua kwa kiwango kinachoweza kuzidi cha wakubwa wao kwa asilimia 40. Uzembe hauelezi yote. Kijana hajui hatari ilipojificha, na anaogopa kuuliza asije akaonekana hajui. Bandika rangi kwenye kila mashine: kijani anaitumia, njano anaitumia mlezi wake, yaani fundi anayemfundisha, akiwa kando, nyekundu haigusi. Kisha badala ya kumweleza kitufe cha kuzimia kiko wapi, simama naye pale useme, "Nionyeshe unavyoizima." Mwambie pia, mbele ya msimamizi wake, kwamba akiona hatari anaruhusiwa kusimamisha kazi na hataulizwa kwa ukali.

Kwa walio chini ya miaka 18 hakuna kubahatisha. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973 unaweka umri wa chini wa kazi kuwa 15 (nchi ambazo uchumi wake bado haujaendelea zimeruhusiwa kuanzia 14), na 18 kwa kazi za hatari. Mkataba Na. 182 wa mwaka 1999 unapiga marufuku aina mbaya zaidi za ajira ya watoto, na tangu 2020 umeridhiwa na nchi zote wanachama wa shirika hilo. Nchi hutunga orodha zake za kazi za hatari. Itafuteni ya kwenu, muibandike karakanani, na mhifadhi nakala ya hati ya umri ya kila mwanafunzi. Kazi za usiku, kemikali, urefu na mizigo mizito ndiko kampuni ndogo hujikwaa zaidi.

Mlezi wa kazi

Hapa ndipo mpango wote husimama au huanguka, na ndipo pesa kidogo mlizonazo zitumike.

Fundi hodari kuliko wote mara nyingi si mlezi mzuri. Jambo amelifanya mara elfu, mikono yake inalijua kuliko mdomo wake, na kumngoja mtu anayepapasa kunamchosha. Mtafute yule ambaye wenzake tayari humwendea wanapokwama. Mwombe, usimteue kwa barua. Kisha fanya kile ambacho kampuni nyingi hukiruka: ondoa saa nne kwa wiki kutoka kwenye malengo yake ya uzalishaji, kwa maandishi, na mkuu wake ajue. Saa nne kwa wiki 12 ni saa 48 kwa mwanagenzi mmoja. Kwa watatu ni 144, yaani siku 18 za kazi za saa nane. Ukiona ni nyingi, punguza wanagenzi, saa zisiguswe. Mlezi anayedaiwa lengo lilelile la jana atamkimbia mwanafunzi wake, na hatakuwa na kosa. Muongezee pia posho, hata ndogo, inayoonekana kwenye karatasi ya mshahara kwa jina lake: "ulezi".

Mfunze kufundisha kwa nusu siku mbili. Njia inayoshika ni ya hatua nne. Kwanza anafanya kazi kwa kasi ya kawaida bila kusema neno, ili kijana aone kitu kizima. Pili anarudia polepole akieleza kila hatua na sababu yake. Tatu, kijana ndiye anaeleza na mlezi anafanya kama alivyoambiwa. Nne, kijana anafanya mwenyewe huku akisema anachofanya. Ya tatu hurukwa karibu kila mahali kwa kuwa inaonekana kupoteza muda, na ndiyo inayofichua alichodhani ameelewa kabla vidole vyake havijafika kwenye mashine.

Kusahihisha nako kunafundishwa. Chukua kosa dogo: kijana ameandika katoni 48, mzigo ni 84. Msimamizi akipaza sauti mbele ya wenzake, "Wewe hata kuhesabu hujui?", kosa hilo huenda lisirudiwe, lakini lijalo litafichwa, na kosa lililofichwa ghalani huonekana siku ya kuhesabu mali. Amwite kando. "Hapa pameandikwa 48, mzigo ni 84. Hebu nionyeshe ulivyohesabu." Inawezekana alihesabu sawa akageuza tarakimu wakati wa kuandika. Inawezekana aliogopa kumwambia dereva asubiri. Ni makosa mawili tofauti na dawa zake ni mbalimbali.

Mwisho, mazungumzo ya dakika 20 kila wiki, siku na saa ileile, yasiahirishwe kwa sababu ya wingi wa kazi. Maswali matatu: kipi kimekwenda vizuri, kipi kimekukwamisha, wiki ijayo ujaribu nini bila mimi.

Yule kijana aliyeacha kuja

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili, na kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Kampuni inayoajiri vijana itakutana na jambo hili, kwa hiyo jiandae kama unavyojiandaa kwa moto.

Kazi ya mwajiri si kutibu. Ya kwanza ni kutoongeza mzigo. Ratiba ya zamu itoke siku 14 kabla. Kati ya zamu na zamu zipite saa zisizopungua 11. Vijana wa umri wa balehe wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na miili yao huchelewa kusinzia, hivyo zamu ya alfajiri baada ya ile ya jioni huwaumiza kuliko inavyomuumiza mtu wa miaka 45. Ujumbe wa kazi saa nne usiku usitumwe. Ukitumwa, asidaiwe jibu kabla ya asubuhi.

Ya pili ni kuona. Usimlinganishe kijana na wenzake, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Mkimya aliyekuwa mkimya tangu mwanzo hana neno. Mcheshi aliyenyamaza anahitaji kuulizwa. Mlezi amwambie alichokiona, si anachokidhani: "Wiki hizi mbili umechelewa mara nne, na mchana huli na wenzako. Si kawaida yako. Unaendeleaje?" Halafu anyamaze. Kimya hicho kinachosha, na wengi hukijaza kwa "jikaze" au "wapo wenye makubwa kuliko yako", na mazungumzo yanaishia hapo. Asimpe jina la ugonjwa, wala asiahidi siri isiyo na mpaka. Aseme: "Sitamwambia mtu bila wewe kujua, ila nikihofia maisha yako nitaita msaada."

Kijana akigusia kwamba haoni sababu ya kuishi, aulizwe waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, mara nyingi kunampunguzia upweke. Asiachwe peke yake, na apelekwe kwenye huduma ya afya siku hiyohiyo pamoja na mtu anayemwamini.

Ya tatu ni kujua pa kumpeleka. Andika namba tatu: kituo cha afya kilicho karibu, mnasihi, na simu ya msaada inayofanya kazi nchini kwenu. Mtu azipigie kila baada ya miezi mitatu ahakikishe zinapokelewa, kwa maana karatasi yenye namba iliyokufa ni hatari kuliko ukuta mtupu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inahimiza wasimamizi wapewe mafunzo. Ningeweka pesa huko kabla ya kumlipa mtoa hamasa wa kuja kupiga kelele kwa saa mbili.

Na mtu asipofika kazini, pawe na utaratibu. Siku ya 1, mlezi apige simu kabla ya mchana. Siku ya 2, apigiwe mtu aliyeandikwa kwenye fomu kuwa wa kuitwa kwa dharura. Siku ya 3, mtu aende kumwona, kwa ruhusa ambayo kijana aliitoa alipoanza kazi. Maneno ya kwanza ni "tumepata wasiwasi". Barua ya onyo, kama italazimu, baadaye. Akirudi, aanze nusu siku kwa wiki mbili, na mlezi amwulize angependa wenzake waambiwe nini.

Kuna unyanyasaji pia. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini unawataja wanagenzi, walio kwenye mafunzo ya vitendo na hata wanaoomba kazi, kwa sababu hao ndio wasio na nguvu ya kukataa. Wekeni watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja awe mwanamke, na asiwepo kati yao aliye mkuu wa moja kwa moja wa mlalamikaji. Jibu la kwanza litoke ndani ya siku tano za kazi. Mazungumzo ya ana kwa ana yafanyike mahali panapoonekana kwa nje, na zamu inayokwisha usiku iwe na usafiri.

Baada ya wiki 12

Uamuzi utoke wiki ya 10, ili kijana apate siku za kujipanga. Ni mojawapo ya matatu: ajira, kuongezewa muda kwa sababu iliyoandikwa, au kuondoka akiwa na karatasi yake ya visanduku, barua inayotaja kazi alizozimudu, na simu mbili ambazo wewe mwenyewe umezipiga kwa waajiri wengine. Hizo simu mbili hazikugharimu chochote, na kwa kijana asiye na jamaa mwenye cheo ni ngazi nzima.

Jihadhari na mtego mmoja. Ukimkuta mwanagenzi wa nne mfululizo kwenye kiti kilekile, akifanya kazi ileile, hicho ni kiti cha mwajiriwa na mnakijaza kwa bei nafuu.

Nje ya geti

Shule nitaisema kwa ufupi: msipeleke wasemaji, waleteni wanafunzi wanane kwa wakati mmoja, nusu siku, wafanye kitu kwa mikono.

Ununuzi una uzito zaidi. Bila shaka mnanunua usafi, uchapishaji, sare, usafirishaji, matengenezo ya kompyuta. Vijana wenye vikundi na biashara ndogo huweza kazi hizo, ila huangushwa na muda wa malipo. Chukua kijana mwenye mtaji unaotosha oda moja tu kwa wakati. Ukimlipa baada ya siku 60, mtaji wake unazunguka mara sita kwa mwaka. Ukimlipa baada ya siku 15, unazunguka mara 24. Hujaongeza bei wala hujatoa mkopo. Umesaini ankara mapema. Gawa pia oda kubwa katika vipande anavyovimudu, toa theluthi kama malipo ya awali, na ufute masharti ya zabuni yanayodai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu kwa kazi ya kushona sare 40. Wa kwanza kupinga atakuwa mhasibu, akisema mzunguko wa fedha hauruhusu. Mwambieni aanze na wauzaji wawili tu kwa miezi sita.

Mashindano ya mpira msiyakate ghafla, kwa kuwa kamati imekwisha kupanga ikiwategemea. Waandikieni msimu mmoja kabla. Bakizeni jezi, na sehemu ya fedha za zawadi igeuzwe kuwa siku za kujaribu kazi zinazolipwa, tuseme tisa kwa mwaka, kwa wachezaji na watazamaji. Tangazo lisomwe wakati wa mapumziko, na mtu wenu awe uwanjani na daftari na kalamu aandike majina na namba papo hapo. Fomu za kwenda kujazwa nyumbani hazirudi.